Discourse kwenye seva yenye saiti nyingine tatu: kisa kizima, kuanzia poti 80 mpaka memori

Jamaa ana seva moja ya kukodi, RAM 4GB, kori 2, Ubuntu, na juu yake kuna saiti tatu za WordPress ambazo zilikuwa zinaenda vizuri tu bila kelele: nginx mlangoni inapokea wageni kwenye poti 80 na 443, nyuma yake PHP-FPM inayoendesha kodi ya PHP, halafu MySQL ya database. Moja ni ya duka, moja ya chama ambacho yeye ni katibu wake, ya tatu blogu. Wanachama wakaanza kulalamika kwamba kundi la WhatsApp limewashinda, maswali yaleyale kila wiki, majibu yanapotelea juu huko hakuna anayeyaona tena, wanataka jukwaa la kweli lenye nyuzi na sehemu ya kutafuta. Akachagua Discourse, programu ya majukwaa ya majadiliano, akaiweka kwenye seva ileile, na jioni hiyohiyo saiti zote tatu zikawa hazifunguki. Mi niliitwa hapo. Naeleza kwa mtiririko wa mambo yalivyojitokeza, maana hayakuja yote kwa pamoja, na ndo kilichofanya kisa kiwe kirefu.

Kwanza tuelewe hii programu ni kitu gani. Discourse ilitoka 2013, walioianzisha ni Jeff Atwood, Robin Ward na Sam Saffron, na sio kama phpBB ambayo unapandisha mafaili ya PHP kwenye folda, unatengeneza database, umemaliza. Hii ni Ruby on Rails, inataka PostgreSQL ya database, inataka Redis ya kuhifadhi vitu kwenye memori, ina Sidekiq ya kazi za nyuma, ina nginx yake mwenyewe humohumo, na njia rasmi ya kuiweka ni kwa Docker, inayoifungia programu ndani ya kontena, kama boksi lililojitenga na mashine: unaichukua kwa git mpaka /var/discourse, unarun ./discourse-setup, unajibu maswali machache, unasubiri. Sasa ile skripti imeandikwa kwa mtu aliyechukua seva mpya tupu kwa ajili ya jukwaa peke yake. Inakuja kama mpangaji wa chumba kimoja anayeingia akijua nyumba nzima ni yake: inachukua poti zote mbili za wavuti, inapima RAM yote ya mashine na kujigawia, inajiombea cheti cha https kwa Let's Encrypt yenyewe. Kwa seva tupu hiyo ni raha, unajibu maswali unaenda zako, ukirudi jukwaa liko hewani. Kwa seva yenye wenyeji wengine inabidi uinyang'anye hiyo dhana kipande kimoja kimoja, na kila kipande ulichosahau kitakuja kukudai kwa wakati wake.

Tuanze na poti. Ile skripti sio mjinga, inaangalia kabla ya kuanza kama poti 80 na 443 ziko wazi, na ikikuta kuna mtu inakataa kuendelea, inakuambia kabisa kwamba kama unataka kuirun pamoja na nginx au Apache itabidi utumie poti nyingine. Jamaa aliisoma, akaielewa nusu. Akaona tatizo ni nginx, basi akapiga systemctl stop nginx, akarun skripti tena, safari hii ikakubali yote. Jukwaa likaja juu, zuri, na kufuli ya https kabisa. Kurudi kuwasha nginx yake, ikagoma, kwenye logi:

bind() to 0.0.0.0:80 failed (98: Address already in use)

Poti moja kwenye anwani moja inasikilizwa na mtu mmoja, na aliyewahi ni Docker. Ukiwa kwenye hali kama hii komandi ya kwanza kuirun ni ss -tlnp, inakuonyesha kila poti na prosesi iliyoishika, na kwake 80 na 443 zote ziliandikwa docker-proxy. Hapo hakuna cha kubahatisha tena.

Kuna kitu kidogo kilitokea hapo katikati ambacho kilitusumbua baadaye kuliko nilivyotegemea. Muda wote ambao kontena la Discourse lilikuwa limekalia mlango, mtu aliyefungua saiti ya duka hakuwa anakuta ukurasa wa eror tu. Aliyekuja kwa https alipewa cheti cha jukwaa, brauza ikapiga kelele kwamba jina halilingani. Aliyekuja kwa http ya kawaida alisukumwa kwenye jukwaa kwa 301, na 301 maana yake ni "nimehama moja kwa moja", kwa hiyo brauza inaikariri. Tuliporudisha saiti za watu mahali pake kuna wateja waliendelea kupiga simu kwamba wakiandika jina la duka wanapelekwa kwenye jukwaa, na kwenye seva kila kitu kiko sawa, ukijaribu kwa curl unapata duka lenyewe. Ni brauza zao zilikuwa zinakumbuka. Ukifika hapo seva haina cha kufanya, unamwambia mtu afute kashe ya brauza au aandike https mwenyewe mbele. Kwa hiyo kama unajaribu kitu kwenye seva yenye saiti za watu, usikipe mlango hata kwa "nijaribu tu dakika tano".

Suluhisho ni mlinzi mmoja tu mlangoni. nginx ya nje inashika 80 na 443, inasoma mgeni kaja kwa jina gani, inampeleka kwenye WordPress au kwenye kontena la jukwaa. Jamaa alishaanza kuelekea huko kabla sijaingia, alifungua containers/app.yml, faili la mipangilio ya kontena, akabadilisha "80:80" ikawa "8080:80", akafuta ile ya 443, akaruka templeti za ssl na letsencrypt kwa kuweka alama ya # mbele, akarun ./launcher rebuild app inayojenga kontena upya, halafu kwenye nginx ya nje akaandika proxy_pass kwenda http://127.0.0.1:8080. Saiti zote nne zikafunguka. Akapumua, mi mwenyewe nikaona kama vile imeisha, nikamwachia mambo mawili matatu ya kumalizia.

Lakini "8080:80" ina mambo yake mawili, na hili la kwanza wengi hawalijui. Jamaa alikuwa na ufw (firewall ya Ubuntu) imewashwa, imeruhusu 22, 80 na 443 tu, akawa na amani kwamba 8080 haionekani nje. Inaonekana. Docker inaandika sheria zake yenyewe kwenye iptables na poti uliyoitangaza inapita pembeni ya ufw, kwa hiyo ukiandika 8080:80 bila anwani mbele, dunia nzima inaweza kufungua IP yako na :8080 ikaingia kwenye jukwaa bila https na bila kupita kwa mlinzi. Ukipiga ufw status itakuonyesha kila kitu kimefungwa, hapo ndo penye hatari yenyewe. Kama ni lazima utumie poti, andika "127.0.0.1:8080:80".

La pili lilisubiri watu waje. Katibu akatangaza jukwaa kwenye lile kundi la WhatsApp, watu wakaingia kwa mkupuo, na baada ya muda kidogo wakaanza kutuma picha za skrini: ukurasa haumaliziki, picha za profaili hazitokei, na wengine wanaambiwa wamefanya maombi mengi mno, eror 429. Mashine yenyewe haikuwa na presha yoyote, CPU chini, memori bado ipo wakati huo. Nilimwambia afungue ukurasa wa admini aangalie IP za wanachama. Wote 172.17.0.1. Wote!

Hiyo ni anwani ya geti la Docker ndani ya mashine. Kwa nginx iliyoko ndani ya kontena, kila mtu anayetoka nje anakuja kupitia geti hilo, haijui kama nyuma yake kuna watu mia au mmoja. Na ile nginx ya ndani ina templeti ya kuzuia fujo, web.ratelimited.template.yml, ambayo kwa difolti inaruhusu IP moja maombi 12 kwa sekunde na 200 kwa dakika, na miunganisho 20 kwa wakati mmoja. Kwa mtu mmoja hiyo ni nyingi. Kwa chama kizima kilichovaa IP moja ni hakuna kitu, hasa ukizingatia kila ukurasa wa Discourse ulioachwa wazi unashikilia muunganisho ukisubiri posti mpya. Jamaa alikuwa tayari anataka kuifuta ile templeti, na kweli 429 zingeisha, lakini ungebaki na jukwaa ambalo haliwezi kumtofautisha mwanachama na boti, na siku umemfungia mtapeli kwa IP umewafungia wote. Tatizo halikuwa kipimo, tatizo ni kwamba taarifa ya mgeni ni nani ilikuwa inapotea njiani.

Hapo ndo tukaachana na poti kabisa tukaenda kwenye soketi, faili ambalo programu mbili kwenye mashine moja zinaongea kupitia, na ndo ninavyoshauri mtu aanze nayo moja kwa moja. Kwenye app.yml sehemu ya expose unaifunga yote kwa #, zile templeti mbili za ssl na letsencrypt zinabaki zimefungwa, halafu chini ya templates unaongeza templates/web.socketed.template.yml. Ukishajenga upya kontena halitangazi poti yoyote, linaweka faili la soketi kwenye /var/discourse/shared/standalone/ na nginx ya nje inaongea nalo hapo. Hakuna 8080 ya kuchungulia kutoka nje, na ile templeti ya soketi inaiambia nginx ya ndani iamini anwani inayoletwa na mlinzi. Ila mlinzi lazima ailete, ndo maana hizi heda sio mapambo:

server {
    listen 443 ssl;
    server_name jukwaa.example.com;
    client_max_body_size 20m;

    location / {
        proxy_pass http://unix:/var/discourse/shared/standalone/nginx.http.sock:;
        proxy_http_version 1.1;
        proxy_set_header Host $http_host;
        proxy_set_header X-Real-IP $remote_addr;
        proxy_set_header X-Forwarded-For $proxy_add_x_forwarded_for;
        proxy_set_header X-Forwarded-Proto $scheme;
    }
}

Mistari ya cheti sijaiweka, certbot anaiongeza mwenyewe. Angalia ile nukta mbili baada ya .sock, kabla ya nukta mkato. Sio makosa ya uchapaji. Ndo inayoiambia nginx njia ya soketi imeishia hapo. Ukipata 502 baada ya hapo nenda error.log ya nginx ya nje, soma namba kwenye mabano: 2 maana yake faili la soketi halipo, kontena halijawaka au njia umeikosea, 111 faili lipo ila hakuna anayesikiliza, 13 ni ruhusa. Namba hiyo moja inakuokolea kubahatisha kwingi, wakati watu wengi wanakimbilia kujenga upya kontena zima kila wanapoona 502.

client_max_body_size nayo ilikuwa na kesi yake ndogo. nginx kwa difolti inakubali mzigo wa 1MB tu, jukwaa lenyewe linaruhusu picha kubwa zaidi ya hapo, na simu za siku hizi picha moja ni zaidi ya 1MB, kwa hiyo watu walikuwa wanapandisha picha zinagoma, na kwenye seting za Discourse hakuna kilichokosewa. Eror ni 413 na anayeitoa ni mlinzi wa nje. Na X-Forwarded-Proto pamoja na kuwasha seting ya force https vinakwenda sambamba, bila hivyo kontena linadhani kila mtu kaja kwa http (na kwa upande wake ni kweli, soketi haina https), linaanza kutengeneza linki za http na brauza inalalamika.

IP za kweli zikaanza kuonekana, 429 zikakatika, sikusikia tena.

Cheti hakikuwa na shida, ila unapohamisha kazi kutoka kwenye kontena kwenda kwa certbot ya nje usichezee kwa kujaribujaribu. Let's Encrypt wana mipaka, ukishindwa uthibitisho mara 5 ndani ya saa moja kwa jina lilelile unasubirishwa, kwa hiyo jaribu kwanza kwa --dry-run. Vyeti vyao vya kawaida vinakaa siku 90, certbot inajihuisha yenyewe, na faida ya mlinzi mmoja ni kwamba vyeti vyote vinne viko sehemu moja.

Imeili nayo ni fupi. Discourse inategemea imeili sana, hata akaunti ya kwanza ya admini kwa kawaida inathibitishwa kwa imeili. Jamaa alikuwa na Postfix kwenye mashine inayotumiwa na WordPress, akaweka SMTP ya jukwaa iwe localhost. Ndani ya kontena localhost ni kontena lenyewe, sio mashine, na humo hamna Postfix. Tukamwekea huduma ya kutuma imeili ya nje kwa poti 587, na SPF na DKIM kwenye DNS, rekodi za kuthibitisha mtumaji, maana wenye seva wengi wamefunga poti 25 ya kutoka na hata isipofungwa imeili za IP mpya zinaishia kwenye spamu.

Sasa memori. Hii ndo iliyochukua muda kuliko yote na ndo inayoamua kama hizi saiti zinaweza kuishi pamoja au la.

Mambo yalipotulia jukwaa likaenda vizuri kabisa kwa muda. Halafu saiti ya duka ikaanza kutoa lile tangazo maarufu la WordPress kwamba imeshindwa kuunganika na database, dakika moja hivi, halafu inarudi. Jamaa akaona ni mtandao. Ikarudia. Akaniandikia, "kaka hii MySQL imeharibika nini?" MySQL haikuwa imeharibika, ilikuwa inauawa. journalctl -k ukitafuta maneno "Out of memory" unakutana na Killed process na jina mysqld mbele yake. Linux ikiishiwa memori kabisa inachagua prosesi moja iiue ili mashine isife, inatazama zaidi nani anakula nyingi, na siku hiyo ikawa zamu ya MySQL. Halafu systemd inaiwasha tena, ndo maana saiti inarudi yenyewe na mwenye seva anabaki anashangaa. Ukilinganisha saa za matukio na kazi za jamaa kwenye jukwaa zinalingana: ni kila alipobonyeza apdeti.

Kwenye app.yml ukatafuta db_shared_buffers (memori ya PostgreSQL) unakuta 1024MB, na UNICORN_WORKERS (prosesi za Unicorn, zinazojibu wageni wa jukwaa) ni 4. Hakuziandika yeye. Skripti siku ya kwanza ilisoma RAM ya mashine ikaona 4GB, ikaipa PostgreSQL 256MB kwa kila GB, ikahesabu kori 2 ikaweka prosesi mbili za Unicorn kwa kila kori. Haikuuliza kama kuna MySQL hapo, haikuuliza PHP-FPM inaruhusiwa kufungua watoto wangapi. Na haikulipuka siku ya kwanza kwa sababu ile shared buffers inajaa taratibu kadiri database inavyosomwa, kila prosesi ya Unicorn nayo inakula mamia ya MB ikishapata moto, Sidekiq pembeni, Redis pembeni. Unafika mahali mashine imejaa lakini inatembea, halafu unabonyeza apdeti, na hapo JavaScript yote ya jukwaa inajengwa upya, kazi ambayo inameza memori kuliko kitu kingine chochote jukwaa linachofanya. Ile apdeti ya kubonyeza kwenye ukurasa wa admini ni nzito zaidi upande huu kwa sababu inajenga huku jukwaa bado linarun, wakati ./launcher rebuild app inalizima jukwaa kwanza, kwa hiyo angalau memori ya zamani inaachiwa.

Seva haikuwa na swapu, ile sehemu ya diski inayosaidia memori ikijaa, hata kidogo. Hapo ndo tulipoanzia: fallocate -l 2G /swapfile, chmod 600, mkswap, swapon, na mstari kwenye /etc/fstab ili isipotee mashine ikirestati. Halafu db_shared_buffers tukaishusha mpaka 256MB na UNICORN_WORKERS mpaka 2. Watu wanaogopa kushusha hizi namba wakidhani jukwaa litakuwa kobe, lakini kwa jukwaa la chama ambalo database yake yote bado inaingia kwenye hizo 256MB na nafasi inabaki, hakuna aliyeona tofauti. Upande wa PHP-FPM, kila saiti ilikuwa na pool (kundi la prosesi) yake ya dynamic yenye watoto wanaokaa macho hata usiku hakuna mtu; blogu na saiti ya chama tukazihamishia kwenye ondemand, zikiitwa zinaamka, zikikaa kimya zinazimika, na pm.max_children tukaikaba kote. Duka tukaliacha dynamic kwa sababu mteja wa duka akisubiri anaondoka.

Kuna mtu alimshauri aweke OOMScoreAdjust kwenye huduma ya MySQL ili isichaguliwe kuuawa. Inawezekana na inafanya kazi, lakini memori haijaongezeka hata baiti moja, umebadilisha tu nani afe, na anayefuata kwa ukubwa anaweza kuwa PostgreSQL ya jukwaa katikati ya apdeti. Bora iuawe kazi ya kujenga JavaScript kuliko database hiyo. Tulikataa.

Baada ya hapo apdeti ilipofanywa kwa launcher, free -h ikaonyesha swapu inapanda mpaka karibu nusu halafu inashuka, ikachelewa kumaliza, saiti nyingine zikawa nzito kidogo muda huo, lakini hakuna aliyeuawa. Hiyo ndo bei ya 4GB, uzito kidogo wakati wa apdeti, na mi naona inakubalika kama apdeti inafanywa usiku.

Wakati launcher inajenga upya, jukwaa haliko, na wageni wanaona 502 ya nginx, ukurasa mweupe usio na maelezo. Tukaongeza error_page 502 kwenye nginx ya nje inayoonyesha html moja ya kawaida inayosema jukwaa liko kwenye matengenezo. Kuna njia ya kugawa kontena mbili, moja ya data na moja ya wavuti, inapunguza huo muda wa giza kwa sababu unajenga upya la wavuti huku la zamani bado linahudumia, ila kwa memori hii tumerudi kulekule kujenga huku linarun, kwa hiyo kwake haikuwa na maana.

Diski nayo usiisahau. Kila ukijenga upya imeji za zamani za Docker zinabaki, na launcher ikikuta nafasi iliyobaki iko chini ya 5GB inagoma kwanza mpaka usafishe, ./launcher cleanup inasaidia. Na bakapu za jukwaa zinakaa kwenye folda ileile ya shared, kwenye diski ileile ya saiti tatu, kwa hiyo bakapu za kila siku zikijaza diski anayeanza kugoma ni MySQL ya duka. Tulipunguza idadi ya zinazohifadhiwa na zinanakiliwa nje ya mashine, maana bakapu iliyoko kwenye seva ileile inakufa na seva.

Swali ambalo jamaa aliniuliza mwishoni ni kama ingekuwa bora angechagua kitu kingine. Jibu langu halimpendezi sana. Kwa seva ambayo tayari ina PHP-FPM na MySQL, phpBB au Flarum ingekaa humohumo bila kuleta database ya pili, bila Redis, bila Docker, na nusu ya haya niliyoandika isingetokea. phpBB ipo tangu 2000 na bado inaenda. Kilichomfanya abaki na Discourse ni kwamba wanachama walishazoea kujibu nyuzi kwa imeili na kwenye simu inakaa vizuri, na hiyo ni sababu ya kweli, watu wakishahamia hawarudi. Ila alitaka pia jukwaa liwe kwenye folda ya saiti ya chama badala ya kwenye jina lake, na hapo nilikataa kabisa. Inawezekana kiufundi lakini unajiongezea mahali pa kuharibika kila apdeti, na sabdomeini inakupa uhuru wa kuhama.

Na kuhama ndo kunakokuja. Discourse ikibadili toleo kubwa la PostgreSQL, kujenga upya kunahitaji nafasi ya kuishikilia database ya zamani na mpya kwa pamoja, na kwenye hii diski nafasi hiyo haitakuwepo muda mrefu kwa kasi ya picha wanazopandisha. Tumekubaliana swapu ikianza kukaa imejaa siku za kawaida, sio za apdeti tu, jukwaa linapelekwa kwenye seva yake peke yake. Kazi yenyewe ni ndogo kwa sababu kila kitu kimo kwenye folda moja: app.yml inanakiliwa, zile namba mbili zinarudishwa juu, expose na templeti za cheti zinafunguliwa tena, linajengwa, bakapu ya tar.gz inarudishwa, na rekodi ya A ya sabdomeini inaelekezwa IP mpya. TTL ya rekodi hiyo, yaani sekunde ambazo inakaririwa, tumeshaishusha mpaka 300 ili siku hiyo watu wasizunguke kwenye seva ya zamani.